UZI: "Imepimwa kwa panya, ni salama." Mimi ndiye ninayewashika hao panya, naomba mnisikilize

MtunzaVizimba
Jumapili, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi ni mrefu. Kama nyumbani kwako kuna chupa ya dawa ya miti shamba, iwe ya sukari, presha, mgongo au ya "kusafisha damu", tafadhali usome mpaka mwisho.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anakaa mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Mwezi wa pili nilikwenda kumjulia hali nikakuta chupa ya lita moja mezani, ndani kuna maji ya rangi ya chai iliyolala. Aliinunua mjini kwa ajili ya sukari. Kikombe cha kahawa asubuhi, kingine jioni, na huo ulikuwa mwezi wake wa saba akiinywa. Miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikamwuliza, "Shangazi, hii ni nini unakunywa?" Akanigeuzia lebo kwa furaha kabisa: IMEPIMWA MAABARA KWA PANYA. SALAMA. Akasema, "Si ndiyo kazi yako hiyo? Nilipoona panya nikajua wewe huwezi kunigombeza."

Maneno hayo yalinichoma, maana kweli ndiyo kazi yangu. Mwaka wa 11 huu ni mhudumu wa nyumba ya wanyama katika maabara moja hapa Nairobi. Nawalisha, nabadilisha maranda, nawanywesha dawa, na siku ya mwisho mimi ndiye ninayewabeba kuwapeleka mezani wauawe na kupasuliwa.

Shangazi tulimpeleka hospitali, vipimo vya figo vikarudi vibaya. Sisemi ni ile chupa. Sukari yenyewe hula figo, na daktari alitwambia wazi kwamba hawezi kutenganisha kipi kimefanya nini. Ila alikunywa kwa sababu aliwaamini panya, na panya hao hawakuwahi kuulizwa swali lake. Hilo ndilo limeninyima usingizi hadi nikaandika hapa.

Nieleze kinachofanyika. Panya wetu ni weupe, macho mekundu, wa ukoo unaoitwa Wistar. Kwa kipimo cha haraka huchaguliwa majike ambao hawajazaa, wa wiki 8 hadi 12. Wanakaa kizimbani siku tano au zaidi wazoee. Usiku wa kuamkia kipimo hawapewi chakula, maji wanaachiwa. Asubuhi unampima kila mmoja kwenye mizani, unamwekea alama mkiani kwa kalamu, unapiga hesabu ya dozi yake peke yake. Wa gramu 200, kwa dozi ya miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito, atapata miligramu 400 za dawa iliyokaushwa, zikiwa zimekorogwa kwenye mililita 2 za maji.

Kumnywesha ndiko kwenye ufundi. Unamkamata ngozi ya shingoni kwa mkono wa kushoto mpaka kichwa kitulie. Sindano yenyewe haina ncha kali, mwishoni ina kidude cha mviringo kama punje ya mtama. Unaipitisha pembeni mwa mdomo, juu ya ulimi, unamsubiri aimeze mwenyewe. Ukiwa na haraka ukasukuma, inaingia njia ya hewa, na huyo panya atakufa kwa mkono wako wala si kwa dawa. Nusu saa ya kwanza huondoki. Saa nne za kwanza unarudi rudi. Kisha kila siku kwa siku 14 unaangalia: manyoya yamesimama? Anatetemeka? Anahara? Uzito umeshuka?

Mwongozo unaotumika sana ni wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi kadhaa, namba 423. Unaanza na panya watatu. Wakipita, unarudia kwa wengine watatu. Basi. Na ukianzia kwenye dozi ya 2000, hata akifa mmoja katika kila kundi, dawa bado inaingia daraja la sumu hafifu kabisa.

Kwa hiyo ukisoma neno "salama" kwenye lebo, huenda nyuma yake kuna panya sita. Majike vijana, wazima, wamepewa mara moja, wakaangaliwa wiki mbili. Kipimo hicho nakiheshimu, kinatwambia kama kitu kinaua upesi, na zipo dawa ambazo nimeziona zikikwama hapo hapo mlangoni. Lakini shangazi ana miaka 63, ana sukari, anameza vidonge, na kwa miezi saba amekunywa vikombe zaidi ya 400.

Kipo kipimo cha siku 28. Kipo na cha siku 90, ambacho kila kundi lina madume 10 na majike 10, makundi matatu ya dozi tofauti na la nne lisilopewa dawa: panya 80. Wananyweshwa kila siku. Mwishoni damu inapimwa hali ya ini na figo, viungo vinapimwa uzito, halafu vinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara vikaangaliwe kwenye hadubini. Hapo ndipo figo inaposema. Inachukua miezi na pesa nyingi, na nimeona wengi wakiishia kwa wale sita na kukimbilia kwa mchapishaji wa lebo.

Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge. Nitajibu nikitoka zamu.

---

MjukuuWaMganga
Jumapili, saa 3:25 usiku

Pole sana kwa shangazi, dada. Mungu amjalie nafuu.

Ila na mimi nina lango la kutetea. Nauza dawa Ngara hapa hapa Nairobi, na nyingi naletewa na babu yangu kutoka Kitui. Babu ametibu zaidi ya miaka 50. Watu wanatoka Mwingi kwa miguu kumfuata. Hakuwahi kumgusa panya. Mgonjwa akiumia kwa dawa yake, boma lake linajulikana, na siku ya soko watakutana uso kwa uso. Hiyo ndiyo maabara yetu. Sasa mnakuja na panya mnatwambia babu athibitishe? Na panya si mtu. Vitu vingapi panya anakula na vinamuua mtu, au kinyume chake?

Mimi sijawahi kuandika "imepimwa" kwenye mfuko wowote. Nauza kama babu anavyoniambia.

---

MtunzaVizimba
Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Asante kaka, na ahsante kwa kutoandika usichokijua kwenye mifuko yako. Ni neno la kiungwana.

Babu yako simbishii. Dawa iliyotumika vizazi na vizazi ina ushahidi wake, hata Shirika la Afya Duniani linaupa uzito matumizi ya muda mrefu. Lakini tuangalie macho ya babu yanafika wapi. Mtu akinywa leo akatapika usiku, babu atajua. Akianguka kesho, atajua. Figo ikichakaa polepole, mtu akafa baada ya miaka sita akiwa kwa mwanawe Mombasa, nani atarudi Kitui kumwambia babu? Uchungu wa haraka una mashahidi. Wa polepole hauna.

Halafu kilichobadilika ni sisi. Kwa babu mgonjwa alipewa ya siku tatu au nne, babu akamwangalia, akamwambia imetosha. Hapa mjini tunauziwa lita kwa lita, mwezi hadi mwezi, na muuzaji hata jina lako halijui.

Nikupe kisa kimoja ambacho kila mwuza dawa angepaswa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene huko Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake mchanganyiko uliokuwa na mmea wa Kichina. Mmea uliokusudiwa unaitwa Stephania tetrandra. Ulioingia kwenye vidonge ulikuwa Aristolochia fangchi, kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Mwaka 1993 madaktari wakaandika kuhusu wanawake vijana ambao figo zao zilikuwa zimekauka. Waliogunduliwa baadaye walizidi 100, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Sasa sikia kinachoniuma. Mwaka 1982 watafiti wa Ujerumani walikuwa wamekwishaandika kwamba asidi ya Aristolochia inawapa panya saratani, na dawa zenye asidi hiyo zikaondolewa madukani kwao. Miaka kumi nzima kabla ya Brussels. Panya walikwisha kusema, na waliokuwa wakipanga vidonge hawakujua kilichomo ndani ya vidonge vyao.

Usione ni mambo ya Ubelgiji. Mwarubaini unaujua. Na "mwarubaini nusu" unaujua, ule wa maua ya zambarau uliopandwa kando ya barabara na nyua za shule hapa Nairobi. Majani yanachanganya mtu. Lakini mmoja ni Azadirachta indica na mwingine ni Melia azedarach, ambao matunda yake ni sumu kwa watu na kwa nguruwe. Wewe wa Kitui hutadanganywa, kwa sababu mwarubaini nusu ni ndugu wa mukau wenu. Mteja anayeletewa unga kwenye mfuko wa nailoni atatofautishaje?

Kuhusu panya si mtu: kweli kabisa, na mimi nilijifunza kwa kuwaangalia. Panya hawezi kutapika. Dawa ambayo ingemfanya mtu akimbilie chooni kutapika, panya ataimeza yote ikae tumboni. Akichefukwa, ataanza kula udongo ukimwekea, kama mama mjamzito na yale mawe yanayouzwa kibandani. Tena hana mfuko wa nyongo. Na kwenye thalidomide, ile dawa ya usingizi iliyolemaza watoto zaidi ya 10,000 miaka ya 1950 na 1960, panya hawakuonyesha madhara kama binadamu. Sungura ndiye aliyeonyesha. Ndiyo maana mnyama mmoja hatoshi, na ndiyo maana anayekwambia "panya hakufa" amekwambia kitu kidogo sana.

---

BiMkubwa_Pangani
Jumatatu, saa 4:05 asubuhi

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima, kwetu Lamu, Pangani hii nina miaka thelathini. Nina presha na kidonge nakimeza kila asubuhi. Jirani kaniletea unga wa mlonge na mizizi mingine iliyosagwa pamoja, kaniambia baada ya mwezi nitaacha vidonge. Umesema panya wazima. Je, hakuna panya mwenye presha? Na dawa mbili zikikutana tumboni mwa mtu, nani amezipima?

---

Mwanafunzi_Chiromo
Jumatatu, saa 6:50 mchana

Shikamoo Bi Mkubwa. Nasoma shahada ya pili, utafiti wangu ni wa dawa za mimea, niruhusu nijibu kabla ya dada.

Panya mwenye presha yupo. Wajapani walizalisha ukoo wake Kyoto miaka ya 1960, presha inampanda mwenyewe akikua. Wenye sukari tunawafanya kwa sindano ya aloksani au streptozotosini, ambayo inaua seli za kongosho. Lakini karibu kila mara hao tunawatumia kuuliza "je, dawa inashusha?" Swali la "je, inaumiza?" tunalirudisha kwa panya wazima. Ndiyo mazoea na ni pengo, hata kwenye utafiti wangu lipo.

Dawa mbili kukutana ni jambo kubwa. Kuna mmea wa Ulaya, Hypericum, watu hunywa kwa ajili ya huzuni. Mwaka 2000 ilionekana kwamba unashusha kiwango cha dawa ya virusi vya ukimwi mwilini, kwa sababu unaliamsha ini livunje dawa haraka. Mtu anameza kidonge kila siku na hakimsaidii. Panya aliyepewa mmea peke yake asingeonyesha hilo hata kwa siku 90. Kwa hiyo Bi Mkubwa, nakusihi, kidonge usikiache. Huo unga ubebe na mfuko wake uende nao kliniki siku yako ya presha.

Niongeze la hesabu, maana hapa ndipo watu wanapotoswa. Niliwahi kuona kikaratasi cha muuzaji mmoja: "Panya alivumilia miligramu 2000 kwa kilo, hivyo mtu wa kilo 60 anaweza kutumia gramu 120 bila madhara." Hesabu hiyo ni ya hatari. Mwili mdogo huchoma na kutoa vitu haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo dozi ya panya huyu inagawanywa kwa 6.2 kwanza (kwa panya wale wadogo ni 12.3). 2000 inakuwa kama 323. Mara kilo 60 ni gramu 19 na kitu. Kisha, kwa tahadhari, unagawanya tena kwa 10: chini ya gramu 2. Kutoka gramu 120 hadi gramu 2! Na hizo ni za dawa iliyokamuliwa na kukaushwa, unga wa gome ni habari nyingine.

Hapo kwenye kukamua kuna shida nyingine ambayo haisemwi. Sisi maabara tunapenda methanoli, aina ya spiriti, inatoa vitu vingi kwenye mmea. Nyanya yangu Kajiado anachemsha magome kwenye supu ya mbuzi, mafuta yanaelea juu. Maji ya moto na mafuta yanatoa vitu vingine kabisa kwenye gome lile lile. Mimi nimempa panya kitu ambacho nyanya hajawahi kukinywa. Nilipomweleza msimamizi wangu alikubali nifanye na maji ya kuchemsha pia. Supu bado nabembeleza.

---

MtunzaVizimba
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Bembeleza, mwanafunzi. Nitakunyweshea hao panya wa supu mimi mwenyewe.

---

RafikiWaPaka
Jumatatu, saa 1:30 usiku

Nasoma huku moyo unaniuma. Mnazungumza habari ya panya 80 kama magunia ya mahindi. Kama kipimo cha sita hakitoshi na cha 80 nacho si mtu, kwa nini wafe kabisa?

---

MtunzaVizimba
Jumatatu, saa 4:20 usiku

Umeuliza vizuri na sitakukwepa.

Panya akiwa na dhiki hutoa machozi mekundu. Si damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi nyuma ya jicho, inaganda pembeni mwa macho na puani. Mara ya kwanza nilipiga kelele nikidhani wanavuja damu. Siku hizi ndilo jambo la kwanza ninaloangalia nikiwasha taa asubuhi. Nikiliona kwa panya aliyekunja mgongo na kuacha chakula, nampigia mtafiti simu hapo hapo, na kama ameteseka kupita kiasi tulichokubaliana, tunampumzisha, yaani tunamuua bila maumivu. Hatungojei siku ya 14.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Tangu 1927, Mwingereza Trevan alipobuni kipimo cha kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, makumi ya panya walikuwa wakifa kwa kila kitu kimoja, ili ipatikane namba tu. OECD iliufuta mwongozo wa kipimo hicho mwaka 2002, na njia ya wale sita ni mojawapo ya zilizochukua nafasi yake. Msingi wake uliwekwa 1959 na Waingereza wawili, Russell na Burch: ukiweza kutumia kitu kisicho mnyama, tumia hicho, ukishindwa, tumia wachache, na hao wachache uwapunguzie maumivu. Hapa kwetu Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka kibali kwa majaribio ya wanyama, na utafiti lazima upite kamati ya maadili.

Kuna chujio la mwanzo pia. Tunaangua vikamba vidogo vya maji ya chumvi, Artemia, mayai yake ni kama vumbi na yanaanguliwa kwa siku moja au mbili. Unaweka dawa kwenye maji, kesho yake unahesabu waliokufa. Ikiwaua kwa kiasi kidogo, unajua hiyo ni kali kabla hujamgusa panya. Kuna na seli za ini zinazokuzwa kwenye vyombo. Lakini seli hazina figo ya kuchuja wala utumbo wa kunyonya, na kwa dawa ya kunywa miezi saba sijaona bado kinachomwondoa mnyama kabisa.

Kinachonikasirisha mimi ni panya kufa bure. Sita waliokufa ili mtu achape lebo, kwa unga ambao hata mti wake haukutambuliwa na mtaalamu, hao wamekufa bure. Hakuna atakayejua walipimiwa nini. Nimewabeba hao mikononi na bado nawakumbuka.

---

MjukuuWaMganga
Jumanne, saa 2:00 asubuhi

Dada, nimelala nikiwaza ile habari ya mwarubaini nusu. Kuna gome moja la babu ambalo ndilo linauzwa zaidi, la tumbo. Nimegundua mimi mwenyewe huo mti sijawahi kuuona, nauona unga tu. Jana nilimpigia babu. Nilidhani atakasirika. Akaniambia, "Hata mimi nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwenye mti kwanza, ndipo nikaonyeshwa dawa." Je, nikitaka ujulikane jina lake la kitabuni naanzia wapi? Sina pesa za panya.

---

MtunzaVizimba
Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Panya baadaye kabisa. Unaanzia na tawi.

Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, kuna hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Wataalamu wao hutambua mimea. Mwombe babu akate tawi lenye majani, na kama lina maua au matunda ni bora zaidi, maana unga au gome tupu ni vigumu kulitambua. Aandike palipotoka, tarehe, jina la Kikamba, na sehemu anayotumia. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, nao wana kituo cha utafiti wa dawa za asili hapa hapa Nairobi. Lakini kabla hujamweleza mtu babu anatumia vipi na anatibu nini, mkubaliane kwa maandishi ujuzi ni wa nani. Tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi, itumieni.

---

MjukuuWaMganga
Jumanne, saa 3:52 asubuhi

Babu anasema mti umechanua wiki hii. Tawi atalipakia kwenye basi la Kitui la Ijumaa, lifike stendi ya Machakos Country Bus hapa Nairobi jioni. Aliweke kwenye mfuko wa nailoni lisikauke?

---

MtunzaVizimba
Jumanne, saa 3:55 asubuhi

La, nailoni italiozesha njiani. Alilaze kati ya magazeti makavu, majani yamekunjuliwa, mengine yaonyeshe mgongo, juu aweke ubao na afunge kwa kamba. Ijumaa natoka zamu saa kumi. Nitakukuta stendi, na Jumatatu twende nalo Makumbusho pamoja.